Bunduki Hutunzwa. Je, Aliyeibeba?

Katika mji wa London, nchini Uingereza, kuna mnara wa kumbukumbu. Juu ya mnara huo ipo sanamu ya mnyama anayefanana na simba. Anaitwa chinthe. Katika nchi ya Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar, sanamu za chinthe huwekwa milangoni mwa mahekalu ili kuyalinda.

Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1990. Ni wa kuwakumbuka askari wa kikosi maalum walioitwa Chindit. Jina lao lilitokana na chinthe. Walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1943 na mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

KAZI YA KIKOSI MAALUM

Askari wa kawaida hupigana huku wenzake wako nyuma yake. Huko nyuma kuna barabara ya kuleta chakula, risasi na dawa. Askari wa Chindit hawakuwa na barabara hiyo. Wao waliingia porini, nyuma ya majeshi ya adui. Walivunja madaraja. Walikata njia za reli. Walimzuia adui asipate mahitaji yake.

Mwaka 1943 waliingia kwa miguu. Mwaka 1944 wengi wao walipelekwa usiku kwa ndege. Chakula na risasi zao ziliangushwa kutoka angani kwa miavuli.

Askari hao hawakuwa Waingereza peke yao. Walikuwapo Wagurkha kutoka Nepal, na Waburma wenyewe. Walikuwapo pia Waafrika kutoka Nigeria. Wanaijeria hao walisaidia kulinda ngome iliyoitwa White City, ambayo iliifunga njia ya reli ya Wajapani.

Mwaka huo huo wa 1944, askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, walikuwa pia Burma. Wao hawakuwa Chindit. Walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Walipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa, matope na homa ya malaria, wakiwafukuza Wajapani.

SILAHA NA MZIGO

Askari wa Chindit alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na mara nyingine zaidi. Ndani yake mlikuwa na chakula cha siku 5, maji, risasi na mabomu ya mkono. Wengi walibeba bunduki ya Lee-Enfield, inayoingia risasi 10. Wagurkha walikuwa pia na kukri, kisu kikubwa kilichopinda.

Silaha nzito zilibebwa na nyumbu. Hapa hatusemi nyumbu wa porini. Tunasema mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Nyumbu wengi walikatwa nyuzi za sauti, ili wasilie na kumwambia adui mahali walipo.

Silaha nyingine ilikuwa Bren, bunduki ya kumimina risasi mfululizo. Jina hilo limetokana na majina ya miji miwili, Brno na Enfield. Bunduki hii ina uzito wa kilo 10 hivi. Kwa kawaida hupigwa mtu akiwa amelala chini, nayo imesimama juu ya miguu yake miwili.

TULBAHADUR PUN

Tarehe 23 Juni, 1944, askari wa Chindit walishambulia mji wa Mogaung. Mmoja wao alikuwa Tulbahadur Pun wa Nepal. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Wajapani walikuwa wamejificha katika nyumba moja. Risasi zao ziliangusha karibu kikosi kidogo chote cha Pun. Walibaki watu 3. Hao nao wakaenda mbele. Wawili wakajeruhiwa vibaya. Pun akabaki peke yake.

Akaichukua Bren. Hakulala chini. Aliishika kiunoni, akakimbia huku akipiga. Mbele yake palikuwa na mita 30 hivi za matope, mashimo ya mabomu na miti iliyoanguka. Alifika. Aliua maadui 3, wengine 5 wakakimbia. Aliteka bunduki mbili za kumimina risasi. Kisha akawalinda wenzake kwa risasi mpaka nao wakafika.

Pun alipewa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Jina lake limeandikwa katika mnara ule wa London.

HESHIMA ILIYOCHELEWA

Vita vilikwisha. Baadaye Pun aliacha jeshi, akarudi Nepal. Alizeeka na kuugua. Mwaka 2006 aliomba ruhusa ya kwenda kuishi Uingereza apate matibabu. Maofisa walimkatalia. Walisema hakuonyesha kwamba ana uhusiano wa kutosha na nchi hiyo.

Jina lake lilikuwa limeandikwa mjini London, lakini mwenyewe hakuruhusiwa kwenda kuishi huko! Wahenga walisema, fadhila ya punda ni mateke.

Wananchi wa Uingereza walipopata habari hiyo walikasirika. Walilalamika kwa nguvu. Mwaka 2007 alipewa ruhusa. Mwaka 2009 Wagurkha wengine wastaafu nao walipata haki ya kuishi huko. Pun alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka 88.

NA SISI JE?

Bunduki za vita vile zimetunzwa katika majumba ya makumbusho. Zinapakwa mafuta zisipate kutu. Ni vizuri. Lakini bunduki bila mtu ni chuma tu. Haikujikimbiza yenyewe katika matope ya Mogaung.

Ndugu msomaji, wazee wa Keya waliokwenda Burma karibu wote wamekwisha kufariki. Lakini huenda kijijini kwako wako waliopigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, nenda kwa mzee huyo. Mwulize alibeba nini, alipita wapi, na nani hakurudi. Andika majina yao. Mwulize pia kama ana chakula, na kama paa lake linavuja.