Kubadilisha pine ya moto nyumbani

Wandugu wa koperative, mahindi yakivunwa, moto ndiyo inayapeleka Kolwezi. Lakini msumari mmoja tu njiani, gunia zinalala kijijini. Kwado yuko mbali, na siku ya soko haingoji mtu.

Kikundi chetu kilinunua vyuma vitatu vya kutolea pine. Mara ya kwanza tuliharakisha, chuma kikabana shambreri, tukaitoboa mara ya pili! Sasa tunafanya hivi:

Toa upepo wote. Kanyaga ukingo wa pine uingie kwenye bonde la katikati ya jante; hapo inalegea. Pakaa maji ya sabuni, si mazuta, sababu mazuta yanakula mpira. Anzia karibu na valvu, inua kidogo kidogo. Pitisha kitambaa ndani ya pine, utafute mwiba au waya.

Kurudisha, tia upepo kidogo kwenye shambreri isijikunje. Malizia kwenye valvu.

Jante ya kamio yenye pete, usiguse: pete ikiruka, inaua. Hiyo ni ya fundi.

Vyuma, pompe na viraka tunaviweka depo. Anayetumia anarudisha siku ileile.