Matangazo ya Moja kwa Moja: Nani Hulipa?

Kituo cha redio kikisharusha mawimbi yake hewani, hakiongezewi gharama na msikilizaji mpya. Watu 10 wakifungua redio zao, au watu 10,000, mtambo hutumia umeme ule ule. Matangazo ya picha yapitayo katika intaneti sivyo yalivyo. Kila mtazamaji hana budi kupelekewa nakala yake, na kila nakala ina gharama.

Yafaa jambo hili lipigiwe hesabu. Ichukuliwe kuwa picha husafirishwa kwa kiasi cha megabiti 6 kwa sekunde. Kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, jumla ni megabiti 21,600. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, hizo ni megabaiti 2,700, au gigabaiti 2.7. Watazamaji 1,000 watahitaji gigabaiti 2,700 kwa saa moja tu. Aidha, kompyuta za kampuni huigeuza picha hiyo papo hapo katika viwango mbalimbali vya ubora, ili hata mwenye mtandao hafifu aione.

Je, fedha za kugharimia kazi hii hutoka wapi? Mfano mzuri ni Twitch ya Marekani, iliyoanza mwaka 2011 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa kiasi cha dola milioni 970. Mapato yake yana vyanzo vikuu vitatu. Kwanza, matangazo ya biashara. Pili, ada ya mwezi ambayo mtazamaji humlipia mtangazaji ampendaye; kwa watangazaji walio wengi, kampuni huchukua nusu yake. Tatu, zawadi ziitwazo Bits. Zilipoanzishwa mwaka 2016, Bits 100 ziliuzwa kwa dola 1.40, na mtangazaji alipewa senti 1 kwa kila moja. Senti 40 zilizosalia, karibu asilimia 29 ya malipo, zilibaki kwa kampuni.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Fedha halisi hulipwa mapema. Wakati wa kutoa zawadi, mtazamaji huona tarakimu tu zikipungua. Ni rahisi kusahau kwamba kilichotolewa ni fedha.

Hata hivyo, mapato hayo yaweza kuzidiwa na gharama. Huko Korea Kusini, ambako kampuni ilieleza kuwa ada za mtandao zilikuwa mara 10 ya zile za nchi nyingine nyingi, ilipunguza kwanza ubora wa picha mwaka 2022, kisha ikafunga huduma zake tarehe 27 Februari 2024. Mapema mwaka huo, mkuu wake, Dan Clancy, alikiri kwamba kampuni ilikuwa bado haipati faida, na wafanyakazi zaidi ya 500 waliachishwa kazi.

Basi wingi wa watazamaji peke yake si utajiri. Redio hupata wasikilizaji wapya bila ya kuwagharimia. Katika intaneti, kila ajaye huja na ankara yake, na lazima apatikane wa kuilipa.