Kuisaka Aksioni kwa Silinda ya Shaba

Katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, kuna silinda ya chuma iliyopakwa shaba, ndefu kiasi cha mita moja, iliyoshushwa ndani ya sumaku kubwa kwenye shimo la sakafuni. Imepozwa hadi karibu na sifuri kamili. Humo ndimo watafiti wa jaribio la ADMX wanamoisaka aksioni.

Hakuna aliyewahi kuigundua chembe hii. Ilizaliwa kwenye hesabu, kutokana na kazi ya Roberto Peccei na Helen Quinn ya mwaka 1977 kuhusu nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Baadaye wanafizikia wakang'amua kwamba huenda ndiyo maada ya giza, ambayo ulimwenguni huizidi maada ya kawaida mara tano hivi na tunaijua kwa mvuto wake tu. Ikiwa ni hivyo, kila sentimita ya ujazo ya hewa unayovuta imejaa matrilioni ya aksioni.

Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha njia ya kuinasa: ndani ya sumaku kali, aksioni inaweza kugeuka kuwa fotoni ya maikrowevu. Masafa ya fotoni hiyo hutegemea uzito wa aksioni, na uzito huo haujulikani. Basi watafiti husogeza fito za shaba ndani ya silinda kidogo kidogo, kama mtu anayesaka stesheni hafifu redioni bila kujua iko namba ngapi. Matokeo waliyotangaza mwaka 2018 yalihusu megahezi 645 hadi 680, masafa ambayo kwetu Afrika Mashariki yamo katika mkanda wa televisheni ya dijitali. Na ishara yenyewe ni dhaifu ajabu. Gawanya wati moja kwa bilioni, kisha gawanya tena kwa bilioni: utakachobaki nacho bado ni kikubwa mno kuliko inayotarajiwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wanavyojipima. Wachache kati yao huingiza kwa siri ishara bandia, na wenzao huifuatilia kwa dhati, hatua kwa hatua, mpaka siri ifichuliwe. Asiyeweza kuikamata ya bandia, tutamwamini vipi anaposema masafa fulani hayana kitu?

Sasa wanapanda kwenye masafa ya juu, ambako silinda hulazimika kuwa nyembamba na hivyo kunasa kidogo. Dawa yake ni kuunganisha silinda kadhaa ndani ya sumaku moja, zote zikirekebishwa masafa kwa pamoja bila hata moja kuachana na nyingine.