Lita Moja ya Mlima Nyang'oro

Ukitafuta steshenwageni ya dizeli iliyotumika Japani, tangazo litakutajia kilomita inazokwenda kwa lita. Namba hiyo si ya uongo, ila haikupatikana barabarani. Kwa miaka mingi Wajapani walipima kwa utaratibu uitwao 10-15: gari juu ya roli ndani ya maabara, mwendo wa juu kabisa kilomita 70 kwa saa, wastani chini ya 23. Roli hazina mlima. Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inao, na katikati yake kuna bonde la Mtera.

Dodoma mjini ni takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Mtera likijaa, maji husimama kwenye mita 698.5. Iringa imepita 1,500. Basi dereva anayetoka makao makuu hushuka Fufu, mita 400 hivi, akavuka bwawa, akapita Migori, kisha akaukabili mlima Nyang'oro na kupanda mita 800 na ushei hadi Iringa. Yote kilomita 260, siku hizi lami tupu.

Sasa tupige hesabu. Gari na watu wake, tani moja na nusu. Kulipandisha mita 800 na kitu kunahitaji nishati ya megajuli 12 hivi. Lita ya dizeli ina megajuli kama 36, na injini nzuri hugeuza theluthi yake kuwa kazi. Zilizobaki huishia kwenye rejeta na ekzosi. Kwa hiyo mlima wote huo unakula lita moja. Binafsi nilidhani ni nyingi zaidi, ukisikia madereva wanavyolalamika.

Lakini lita moja inatosha kuvuruga namba. Gari linalokwenda kilomita 16 kwa lita kwenye tambarare litasoma 14 na kidogo kati ya Mtera na Iringa, na karibu 17 kati ya Dodoma na Mtera. Gari lile lile, siku ile ile. Anayelisifia na anayelilaani huenda wote wanasema kweli.

Hiyo 17, hata hivyo, haiji kwa kila mtu. Wapo wanaochomoa gia kwenye mteremko wa Fufu wakiamini wanabana mafuta. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedeli, pampu hukata dizeli, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukichomoa gia, injini inaanza kula ili isizime, na breki unazichosha bure.

Kupanda nako kuna mambo yake. Corolla za zamani zenye injini ya 2C, sisi 1,974, nyingi hazina turbo. Hewa ya Iringa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Pampu iliyofunguliwa na fundi wa Dar es Salaam itamwaga dizeli ambayo hewa hiyo haiwezi kuiunguza yote. Moshi mweusi unaouona Nyang'oro ni mafuta uliyoyalipia. Turbo husaidia sana hapo, maana husukuma hewa ya kufidia.

Mwendo nao usisahaulike. Kutoka 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wa upepo unakaribia kuongezeka mara mbili, na keria ya juu huzidisha.

Anayetaka kulijua gari lake ajaze fulu tenki Dodoma, aende Iringa, arudi, ajaze tena kituo kile kile, pampu ile ile, kisha agawanye kilomita 520 kwa lita zilizoingia. Na kama wakati wa kurudi mlisimama Mtera mkapakia ndoo za perege juu ya keria, safari hiyo msiihesabu.