Maji ya Ngama na Miguu ya Wasafiri

Mtu afuaye nguo kwa muda mrefu huona ngozi ya vidole vyake ikikunjamana. Akimaliza kazi, hali hiyo huondoka upesi bila kuacha madhara. Je, miguu hupatwa na nini ikikaa majini kwa siku saba au kumi?

Swali hili huwakabili madaktari wa Visiwa vya Kanari, vilivyo chini ya Hispania katika Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2024 watu zaidi ya 46,000 walifika huko kwa mashua kutoka pwani za Afrika. Kutoka Dakar hadi kisiwa cha El Hierro ni mwendo wa kilomita zaidi ya 1,400. Abiria hukaa wamebanana, magoti yamekunjwa, na nyayo zimezama katika maji ya ngama.

Baridi na Unyevu

Tabaka la nje la ngozi, ambalo ni la seli zilizokufa, huuzuilia mwili maji na vijidudu. Likilowa mfululizo hulainika, huvimba, kisha huchanika. Wakati huohuo mwili hubana mishipa midogo ya damu ya miguuni ili kuhifadhi joto. Damu ikipungua, oksijeni nayo hupungua, na mishipa ya fahamu huanza kudhurika. Si lazima maji yawe ya barafu. Maji yasiyo baridi sana nayo hudhuru, ila huchukua muda mrefu zaidi. Kiu, njaa na kukaa bila kunyosha miguu huzidisha madhara hayo.

Maradhi ya namna hii yaliwapata askari wengi waliokaa katika mahandaki yenye matope wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918. Mgonjwa kwanza hupata ganzi. Miguu ipatapo joto na damu kurudi, huvimba, huwa myekundu na kuuma sana. Ndiyo maana mtu ashukaye mashuani akitembea huweza kushindwa kusimama baadaye. Vijidudu vikiingia katika nyufa za ngozi, nyama huweza kuoza, na pengine daktari hulazimika kukata kidole au mguu.

Kuungua Pasipo Moto

Katika Bahari ya Kati, kwenye mashua za mpira zitokazo Libya, kuna hatari nyingine. Petroli humwagika kutoka katika madebe na kuchanganyika na maji ya bahari sakafuni. Petroli huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi, kisha hupenya na kuua seli. Nguo zilizolowa huishikilia mwilini isiweze kuvukizwa na hewa. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto, kwa kuwa aghalabu huketishwa katikati, chini, mahali panapodhaniwa kuwa salama.

Huduma ya Kwanza

Aliyepatwa na petroli avuliwe nguo mara moja, aoshwe kwa maji mengi safi yasiyo ya chumvi. Miguu iliyokaa katika baridi ikaushwe taratibu, iinuliwe, na mwili mzima ufunikwe upate joto. Isisuguliwe wala kuoteshwa moto, kwa sababu mguu wenye ganzi hauwezi kumwonya mwenyewe kwamba unaungua. Kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari, hata kama hasikii maumivu. Kutosikia maumivu kwaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa.