Namna ya kutia kivuli katika katuni za amani

Wapo kati yenu wanaochora katuni za kufundisha amani. Katuni inamfikia hata ndugu asiyejua kusoma, kwa hiyo kila alama ndani yake ina uzito. Hapa tunaeleza namna ya kutia kivuli kwa GIMP, programu isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ikishawekwa katika kompyuta, inafanya kazi bila intaneti.

Hatua za kufuata

1. Choreni kwa wino mweusi, kisha pitisheni karatasi kwenye skana kwa nukta 300 kwa kila inchi.

2. Fungueni mchoro katika GIMP na muongeze tabaka jipya juu yake. Tabaka ni kama karatasi ya plastiki angavu: mnachokifanya juu yake hakiharibu mchoro ulio chini.

3. Wekeni tabaka hilo katika hali ya kuzidisha. Katika hali hiyo, rangi nyeupe haionekani, kijivu kinatia giza kilicho chini yake, na mistari ya wino inabaki nyeusi.

4. Kabla ya kushika brashi, amueni mwanga unatoka wapi: jua, taa au moto. Tieni kijivu upande usioelekea mwanga. Kijivu cha aina mbili, chepesi na kizito, kinatosha.

5. Hifadhini kazi mara kwa mara katika muundo wa XCF, unaotunza matabaka yote. Umeme ukikatika, hamtapoteza kazi ya siku nzima.

Kama katuni itatolewa kwa mashine ya fotokopi, kijivu laini kinaweza kutoka kama madoa. GIMP ina kichujio kinachogeuza kijivu kuwa nukta, kama picha za magazeti. Jaribuni nakala moja kwanza.

Kivuli nacho kinasema

Katika eneo letu tunajua michoro inavyoweza kuumiza. Gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha katuni za chuki miaka ya kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2003 mhariri wake alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mjini Arusha.

Chuki huweza kuingia kimyakimya. Mchoraji akimwangaza mtu wa kabila moja na kumfunika jirani yake kwa giza, wakati wote wawili wamekaa chini ya mti mmoja, msomaji amekwisha kuambiwa nani ni mbaya. Kwa hiyo kanuni ni moja: kivuli kinafuata mwanga, hakifuati kabila. Kama hadithi ina mkosaji, kosa lionekane katika tendo lake, si katika weusi wa uso wake.

Wekeni maneno ya wahusika katika tabaka la peke yake. Kabla ya kuchapisha, fungeni jicho la tabaka hilo ili maneno yasionekane. Waonyesheni picha watu wa pande zote mbili na muwaulize: "Nani mbaya hapa?" Wakimtaja mtu ambaye hajatenda lolote, rudini kwenye kivuli mkirekebishe.

Tunawatakia kazi njema.