Isilandi: kuendesha motokari kwenye barafu na upepo

Kila mwaka wakati wa baridi, wageni hukodi motokari Isilandi, kisiwa cha kaskazini ya Ulaya, wakitafuta mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Barabara namba 1 inazunguka nchi, kilomita zaidi ya 1,300. Kwenye ramani inaonekana kidogo. Lakini katikati ya mwezi wa 12, kule Reykjavik, jua linatoka karibu saa 5 na robo ya asubuhi. Saa 9 na nusu limeisha kuzama.

Tena kuna upepo. Magurudumu yenye misumari yanasaidia kwenye barafu, ila mutu akifungua mlango bila kuushika, upepo unaukunja kabisa, na mara nyingi bima hailipi. Heri kusimamisha motokari ikitazama upepo. Barabara ikifungwa, safari inangoja kesho.